Mafuta ya boti: upunguze mwendo, ubadilishe mashine, ubadilishe rafadha (propela), au usugue chini?

Mwenye boti akiona tangi linakauka mapema, lawama ya kwanza humwangukia mashine. Imechoka, inakula sana, nitafute nyingine. Huenda ni kweli, ila mara nyingi anakuwa ameanza na dawa ghali kuliko zote kabla hajaujua ugonjwa. Njia za kupunguza mafuta ziko nyingi na hazilingani: moja haikutoi hata senti, nyingine inataka asubuhi nzima na brashi, nyingine inameza akiba ya miaka. Nimezipanga hapa ubavu kwa ubavu, na sitajifanya nazipenda zote sawa.

Msimamo wangu nauweka wazi tangu sasa. Mwendo unaouchagua una mafuta mengi ndani yake kuliko kifaa chochote utakachonunua. Baada ya hapo huja usafi wa chini ya boti na rafadha. Mashine mpya naiweka mwisho, isipokuwa kwa mtu wa aina moja nitakayemfikia.

Kwanza ujue boti yako inakata maji au inapanda

Ushauri unaoifaa boti moja unaweza kumtia hasara mwenye boti nyingine, kwa hiyo tusikimbilie njia kabla ya kujua tunaongea juu ya chombo gani.

Boti inayokata maji ni ile yenye tumbo la duara na mkuku (uti wa chini ya boti) unaoshuka. Hata ukiifungulia mashine mpaka mwisho, itabaki imekaa ndani ya maji ikiyasukuma kando. Boti ya namna hii ina dari ya mwendo, na dari hiyo hupangwa na urefu wa sehemu iliyo majini. Hesabu yake ni rahisi: chukua urefu huo kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.5, utapata kilomita kwa saa. Boti yenye mita 9 majini itaishia karibu 13.5. Yenye mita 4 itaishia karibu 9. Ukitaka kuvuka hapo, boti inaanza kupanda mlima wa wimbi lake yenyewe: tezi (nyuma ya boti) inazama, omo (mbele yake) inanyanyuka, na nyuma kunatokea wimbi kubwa linalokufuata kama mdai. Mafuta yote ya ziada yanaishia kwenye lile wimbi.

Boti inayopanda ina chini bapa, au yenye umbo la V, na nyuma imekatwa wima. Ikipata nguvu ya kutosha huinuka na kuteleza juu ya maji, na ile dari ya mwendo haiihusu tena. Ila kabla ya kuinuka lazima ivuke kizingiti, pale ambapo omo inatazama mbingu, nahodha haoni mbele, na mashine inalia. Kizingiti hicho ndicho mahali pabaya kuliko pote pa kuendeshea boti, na ajabu ni kwamba watu wengi husafiri wakiwa papo hapo wakidhani wanabana matumizi.

Kuna na zile za katikati, zinazoinuka nusu nusu. Hizo zipime tu, maneno hayatakusaidia.

Pima kwa kilomita, usipime kwa saa

Lita kwa saa ni kipimo kinachodanganya. Boti yoyote ikienda polepole huchoma kidogo kwa saa, lakini wewe hununui saa, unanunua umbali. Kipimo cha kulinganishia ni lita kwa kilomita.

Mwenye mita ya mafuta na GPS ana kazi nyepesi: gawanya lita kwa saa kwa mwendo, basi. Asiye na mita ajaze tangi hadi alama, aende umbali unaojulikana kwa mwendo mmoja usiobadilika, ageuze arudi kwa mwendo uleule, kisha ajaze tena hadi alama ileile huku akipima kinachoingia. Kwenda na kurudi ni muhimu, maana upepo na mkondo vinaweza kukupa matokeo mazuri upande mmoja ukafurahi bure.

Tuseme una boti ya faiba ya mita 6 inayopanda, yenye mashine ya mipigo minne (four-stroke). Nambari zifuatazo ni za mfano, lakini mpangilio wake ndio utakaoukuta kwa karibu kila boti ya aina hii:

| Mwendo (km kwa saa) | Hali ya boti | Lita kwa saa | Lita kwa km |
|---|---|---|---|
| 9 | imetulia ndani ya maji | 3 | 0.33 |
| 20 | kwenye kizingiti | 15 | 0.75 |
| 42 | imepanda, mashine haijakazwa | 18 | 0.43 |
| 60 | imefunguliwa yote | 36 | 0.60 |

Tazama mstari wa pili. Kwa kila kilomita anachoma zaidi hata ya yule anayekimbia 60, na juu ya hapo anachelewa mara tatu. Nahodha aliyetoka 42 akashuka hadi 20 "ili kuokoa mafuta" ameongeza matumizi kwa karibu robo tatu. Kwa boti inayopanda, kupunguza mwendo kuna maana mbili tu: ama ubaki juu ukiendesha kwa ule mwendo mdogo ambao boti bado inateleza bila kuzama nyuma, ama ushuke kabisa chini ya kizingiti uende taratibu. Katikati usikae. Pita hapo haraka, ukipanda na ukishuka.

Kupunguza mwendo dhidi ya kununua mashine

Sasa niweke njia ya bure kando ya njia ya gharama kubwa kuliko zote, maana hapa ndipo watu wanapopoteza zaidi.

Kwa boti inayokata maji, nguvu inayohitajika hupanda kwa kadiri ya mwendo uliojizidisha mara tatu, yaani mchemraba wake. Punguza mwendo kwa asilimia 10: matumizi kwa saa yanashuka kwa takriban asilimia 27, na kwa kilomita asilimia 19. Punguza kwa asilimia 20: kwa kilomita unabakiza zaidi ya theluthi. Ile boti ya mita 9 iliyokuwa ikienda 13 kwa saa, iache iende 10.4. Safari ya kilomita 30 itaongezeka kama dakika 35. Hiyo theluthi ya mafuta umeinunua kwa nusu saa na ushee. Hesabu halisi itacheza kidogo, kwa sababu mashine inayofanya kazi chini ya uwezo wake hupoteza ufanisi kiasi, lakini karibu na ile dari ya mwendo akiba mara nyingi huwa kubwa zaidi ya hesabu ya mchemraba, maana hapo maji huwa mazito kwelikweli.

Mashine nayo inaokoa kiasi gani? Tuanze na ile ya mipigo miwili (two-stroke) yenye kabureta, nyepesi, rahisi kufungua, inayosamehe makosa. Kasoro yake imo ndani ya umbo lake: kwa kitambo kidogo katika kila mzunguko, tundu la kuingiza na tundu la kutoa moshi huwa wazi kwa pamoja, na sehemu ya mafuta mabichi hutoka nje bila kuungua. Hasara hiyo inaweza kufika robo ya mafuta au zaidi. Ikifunguliwa yote huchoma kama lita 0.45 kwa kila nguvu farasi moja kwa saa, na bado unaichanganyia oili, kwa kawaida lita 1 kwa 50. Ya mipigo minne huchoma kama 0.3 hadi 0.35. Dizeli ya ndani ni 0.2 hadi 0.25, kwa sababu ya namna inavyochoma mafuta, na pia kwa sababu lita ya dizeli ina nishati zaidi ya lita ya petroli.

Chukua mashine ya nguvu farasi 40. Ya mipigo miwili itameza kama lita 18 kwa saa ikikazwa. Ya mipigo minne kama 13. Umeokoa asilimia 28. Sasa rudi kwenye jedwali: kushuka kutoka 60 hadi 42, kutoka 0.60 hadi 0.43, nako ni asilimia 28. Akiba ileile. Moja imetoka kwenye kiganja chako, nyingine imetoka benki.

Sisemi mashine mpya haina maana. Mtu anayekaa majini siku nzima, kila siku, kazini, huyo ndiye niliyesema nitamfikia. Tofauti ya lita 5 kwa saa kwa mtu wa saa 50 kwa mwaka ni lita 250, kitu ambacho hakitarudisha bei ya mashine katika uhai wa mashine yenyewe. Kwa mtu wa saa 1,000 ni lita 5,000, na huyo anapoteza kila mwezi anaochelewa kubadilisha. Fanya hesabu hiyo kwa saa zako kabla hujazungumza na muuzaji.

Mambo machache ya kuangalia ukiamua kununua. Ya mipigo minne ni nzito kuliko ya mipigo miwili ya nguvu ileile, na uzito wote unaning'inia nyuma kabisa. Boti ndogo inaweza kuzama tezi na kukurudisha kwenye kizingiti. Mashine za mipigo miwili zinazopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda baada ya tundu kufungwa zina matumizi yanayokaribia ya mipigo minne, lakini uliza vipuri kwanza: kampuni ya BRP iliacha kutengeneza mashine za Evinrude, za aina hii, mwaka 2020, na mashine nzuri isiyo na vipuri ni nanga. Dizeli ya ndani ni ya boti nzito yenye safari ndefu. Kuilazimisha kwenye boti nyepesi ya kuteleza ni kubeba jiwe ili upate tone la maji.

Ukubwa je? Kwa boti inayokata maji, mashine kubwa ni fedha iliyotupwa, kwa kuwa ile dari haitasogea. Kwa boti inayopanda ni kinyume: mashine ndogo isiyoweza kuinua boti iliyopakia itakaa kizingitini maisha yake yote, ikiwa imefunguliwa hadi mwisho. Hapo mashine kubwa kidogo inayoendeshwa kwa upole itachoma kidogo kuliko ile ndogo inayoteseka.

Na umeme? Kwa boti inayokata maji, inayokwenda taratibu kwa safari fupi, unafaa sana: mota ya kilowati 2 ikipewa betri ya uniti 10 itakupeleka karibu saa 5. Kwa boti ya kuteleza, uzito unaua wazo zima. Kilo moja ya betri ya lithiamu hubeba kama uniti 0.15. Lita moja ya petroli ina kama uniti 9, na hata mashine ikitumia robo yake tu, utahitaji kilo 15 za betri kufanya kazi ya lita moja.

Kusugua chini dhidi ya kubadilisha rafadha

Hizi mbili nazilinganisha pamoja kwa sababu dalili zake zinafanana, na watu huzichanganya. Boti imekuwa nzito, mashine haifikii mizunguko iliyokuwa ikifikia, mwendo umepungua, moshi wa dizeli umekuwa mweusi. Mmoja anasema rafadha imekuwa kubwa. Mwingine anasema chini kumeota.

Namna ya kutofautisha ni historia. Ikiwa boti ilikuwa nzuri na imeharibika taratibu kwa wiki na miezi, ni uchafu. Ikiwa imekuwa hivyo tangu mashine ilipofungwa, ni rafadha. Ikiwa imebadilika ghafla, angalia kama kuna kamba au nailoni imejizungusha, au kama bawa limegonga kitu likapinda.

Uchafu wa chini unadharauliwa kwa sababu hauonekani. Ute wenyewe tu, ule utelezi wa kijani ambao mkono unaupita bila kuujali, unatosha kuongeza mafuta kwa kiasi cha kuonekana kwenye kipimo. Wakishajishikiza wale viumbe wenye magamba magumu, mambo yanageuka kabisa. Michael Schultz wa Chuo cha Jeshi la Wanamaji la Marekani alipiga hesabu ya meli ya kivita, akachapisha mwaka 2007: magamba mazito yanaweza kuongeza nguvu inayohitajika kwa mwendo wa safari hadi asilimia 86. Meli ya kivita si boti ya mita 6, ila maji ni maji.

Kusugua ndiyo njia inayorudisha zaidi kwa kile unachotoa, ikiondolewa ile ya mwendo. Boti inayovutwa nchi kavu baada ya kila safari haihitaji rangi yoyote ya kuzuia uchafu. Maji baridi na brashi laini vinatosha. Boti inayolala majini inahitaji rangi, na hapo kuna kuchagua. Rangi ngumu huvumilia kusuguliwa mara kwa mara na inafaa boti ya kasi. Rangi inayojimenya polepole hujisafisha yenyewe boti inapotembea, hivyo inafaa boti inayotumika sana kwa mwendo wa wastani, na ukiisugua kwa nguvu unaimaliza kabla ya wakati. Kama boti ni ya alumini, usipake rangi yenye shaba. Shaba na alumini vikikutana ndani ya maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa.

Rafadha yenyewe isisahauliwe. Mawanda yake ni madogo, lakini inazunguka kwa kasi, na magamba machache juu ya mabawa yanaharibu kazi yake kuliko magamba hayohayo yakiwa ubavuni mwa boti. Ukikosa muda wa kusugua boti nzima, piga mbizi usugue rafadha peke yake.

Sasa kubadilisha rafadha. Kwenye kitovu chake utakuta nambari mbili za inchi. Ya kwanza ni upana wake. Ya pili ni hatua: umbali ambao ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa skrubu inajipenyeza kwenye ubao. Maji si ubao, kwa hiyo daima kuna kuteleza. Kujua kiasi gani, zidisha hatua kwa mizunguko ya injini kwa dakika, zidisha kwa 0.001524, gawanya kwa uwiano wa gia. Rafadha ya hatua 13, mizunguko 5,500, uwiano wa gia 2: inatoka 54.5 kwa saa. GPS ikikuambia 45, mtelezo ni kama asilimia 17, na hiyo ni hali njema kwa boti inayopanda. Ukikuta asilimia 35 huku boti iko juu, kuna jambo: rafadha imepinda, mashine imefungwa juu mno inavuta hewa, au chini kumeota.

Kuchagua hatua, pakia boti kama unavyoipakia siku zote, ifungulie yote, usome mizunguko. Mtengenezaji wa mashine huandika kiwango chake, mathalani 5,000 hadi 6,000. Ukiishia chini ya hapo, hatua ni kubwa mno. Mashine inavuta mzigo kama baiskeli iliyokwama gia nzito mlimani, inakula mafuta na kujichosha. Ukipita juu, hatua ni ndogo na unazungusha bure. Inchi moja ya hatua hubadilisha mizunguko kama 150 hadi 200, kwa hiyo ukikosa 400 tafuta rafadha yenye hatua iliyopungua inchi 2. Lakini jaribu hili chini kukiwa safi. Nimeona mtu akinunua rafadha ndogo ili kuponya uchafu, kisha akasugua boti, kisha akahitaji ile ya zamani ambayo alishaiuza.

Alumini au chuma kisichoshika kutu? Chuma kina mabawa membamba yasiyojikunja chini ya nguvu, kwa hiyo kinashika maji vizuri zaidi, hasa kwa mashine kubwa. Kwa mashine ndogo ya boti ya polepole, tofauti hutaiona kwenye tangi. Na penye miamba, alumini hupinda yenyewe kabla ya kupeleka kishindo ndani ya gia, jambo ambalo mimi nalihesabu kama faida. Mabawa matatu kwa kawaida yana ufanisi kidogo zaidi kwenye kasi ya juu. Manne yanashika vizuri boti ikiwa na mzigo na huiwezesha kubaki juu kwa mwendo mdogo zaidi. Kumbuka ule mstari wa 42 kwenye jedwali. Kama mabawa manne yatakuwezesha kubaki juu kwa 34 badala ya 42, na siku hiyo bahari imechafuka, umepata kitu.

Boti nzito inayokata maji ina sheria yake: rafadha pana, inayozunguka polepole, ndiyo yenye ufanisi. Ndiyo sababu kuna mashine za nje zilizopunguziwa mwendo wa gia kwa ajili ya kusukuma mizigo. Kuifunga mashine ya mbio kwenye boti ya mizigo ni kupiga povu.

Kupunguza uzito dhidi ya kuupanga upya

Kwa boti inayopanda, uzito unalipiwa karibu kilo kwa kilo: ongeza sehemu ya kumi ya uzito, na mafuta hupanda kwa kiasi kinachokaribia hapo. Kwa boti inayokata maji, ikienda taratibu, uzito wa ziada hauumizi sana kama mtu anavyodhani.

Kabla hujashusha kitu chochote, tazama ngama, yaani shimo la chini kabisa ndani ya boti maji yanapokusanyika. Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Maji yaliyokaa humo ni kilo moja kwa kila lita, na hayakai yalipo: boti ikiinuka omo yote yanakimbilia nyuma, mahali pabaya kuliko pote. Nilishawahi kuhangaika na boti ya faiba iliyokataa kupanda. Tukabadilisha plagi, tukajaribu rafadha mbili, tukamlaumu fundi. Siku tulipofungua sakafu tukakuta lile sponji la kuelea chini yake limenyonya maji miaka na miaka, zito kama matofali. Boti ya faiba ya zamani ikiwa nzito bila sababu, toboa tundu dogo sakafuni uangalie kabla ya kununua chochote.

Mafuta ya akiba usiyashushe. Theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya dharura. Anayeokoa uzito kwa kupunguza akiba atavutwa na boti ya mwingine siku moja.

Kupanga upya ni bure kabisa, na kwa boti nyingi kunashinda kushusha. Boti inayopanda ikichelewa kuinuka, sogeza tangi, nanga na watu mbele. Inayokata maji isikalishwe tezi. Ule ubao wa nyuma ukizama unaburuta maji kama ndoo. Kisha kuna pembe ya mashine. Wakati wa kuondoka, iingize ndani ili omo ishuke na boti ipande haraka. Ikishatulia juu, itoe nje kidogo kidogo mpaka uone mwendo unapanda bila kugusa mafuta. Boti ikianza kurukaruka omo kama pomboo, au rafadha ikivuta hewa na mashine ikapiga kelele ghafla, umezidisha, rudisha kidogo. Kazi ya sekunde tano, na wengi hufunga pembe moja siku mashine inapowekwa wasiiguse tena.

Kusubiri maji

Njia hii haina mpinzani wa kulinganishwa naye kwa mwenye muda. Boti inayokwenda 10 kwa saa, ikipambana na mkondo wa 4, inasonga 6. Ikisubiri mkondo ugeuke, inasonga 14. Kwa mafuta yaleyale ya saa moja umekwenda zaidi ya mara mbili. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, tofauti ni kubwa; siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, usijisumbue sana. Boti ya 42 kwa saa haitaona tofauti nyingi, kwa hiyo hili ni la watu wa polepole.

Matengenezo, na vitu vya kubandika

Plagi safi, chujio la mafuta lisilo na maji, na tafadhali usitoe thamostati, kile kifaa kinachosimamia joto la mashine. Mafundi wengine huitoa ili mashine "isichemke". Mashine inayofanya kazi ikiwa baridi haichomi mafuta vizuri, na oili yake hupata petroli. Kama inachemka, tafuta kinachoziba njia ya maji.

Sumaku za kubana kwenye bomba la mafuta, vidonge vya tangini, vifaa vya kuzungusha hewa: mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, imechunguza zaidi ya vifaa 100 vya namna hii vya magari, na haikupata hata kimoja kilichopunguza matumizi kwa kiasi cha maana. Sina sababu ya kudhani vitaamka vikifika majini.

Wewe uanzie wapi

Una boti ya kuteleza na unaitumia siku za mapumziko tu: tafuta mwendo wako mzuri kwa kipimo, sugua chini, jifunze pembe ya mashine. Usinunue kitu mwaka huu.

Una boti ya kuteleza ambayo haipandi ikipakia: pima uzito kwanza, kisha hatua ya rafadha, kisha mabawa manne. Ikishindikana yote hayo ndipo ufikirie nguvu zaidi.

Una boti inayokata maji na mashine ya nje iliyo kubwa: shuka robo ya mwendo, na siku mashine hiyo itakapokufa, weka ndogo yenye gia ya polepole na rafadha pana.

Unafanya kazi kila siku kwa mashine ya mipigo miwili yenye kabureta: badilisha. Ukiwa unakusanya fedha, endelea kwa mwendo uliopunguzwa, maana akiba hizo mbili zinajumlishika.

Una mashine mbili nyuma: ukienda polepole, chini ya kizingiti, tumia moja na uinue nyingine itoke majini kabisa, kwa sababu rafadha iliyosimama majini inaburuta. Zikiwa mashine za ndani zenye shafti, soma kitabu cha gia kwanza. Gia nyingine zikizungushwa na maji huku mashine imezimwa hazipati oili, na hapo utaokoa lita chache uunguze gia nzima.